Saa Tisa za Usiku, Nani Anaangalia Namba?



Kuna maneno ambayo wauguzi wa vyumba vya watoto wachanga huyasikia mlangoni, na mara nyingi anayeyasema ni bibi wa mtoto: "Msimtie ule mpira puani. Aliyetiwa ule hatoki." Hayasemwi kwetu Kisangani tu. Watafiti waliyakuta Malawi, wamama wakikataa oksijeni kwa kuamini kwamba ndiyo inayoua. Wapo wauguzi wanaokasirika wakisikia hivyo, wakamwona bibi mtu wa porini. Mimi simcheki. Bibi ametumia macho yake. Kwa miaka mingi oksijeni ilikuwa haba, ikawekwa kwa yule tu ambaye mengine yote yamemshinda, midomo imeshakuwa rangi ya majivu. Anawekewa leo, kesho anazikwa. Ukiyaona hayo mara tatu katika ukoo mmoja, utahukumu nini? Bibi amekosea sababu, lakini aliyoyaona ameyaona.

Tena upo upande ambao bibi hajaambiwa, na ambao baadhi yetu tuliosoma tunaupitia haraka: oksijeni kweli inaweza kumdhuru mtoto. Haimdhuru kwa njia anayodhani bibi. Ikizidi kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, inaweza kumpofusha, na upofu huo hauonekani siku anayotoka hospitali. Unaonekana nyumbani, miezi mingi baadaye, pale mama anapogundua kwamba mtoto anageukia sauti yake lakini hafuati uso wake.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumze juu ya oksijeni kama tunavyozungumza juu ya kwinini au sindano. Ni dawa. Ina kipimo ambacho chini yake mtoto anakufa, na kipimo ambacho juu yake mtoto anaharibika. Na hospitali ikiwa na mtungi wa oksijeni lakini haina kifaa cha kupimia wala mtu wa kukiangalia usiku, mimi naihesabu kuwa bado haina oksijeni.

Tuanze na mwili wa mtoto. Tumboni mtoto anaishi na oksijeni kidogo kuliko sisi, na hana shida. Akizaliwa, damu yake hupanda polepole. Mtoto mzima kabisa, dakika ya kwanza, damu yake imebeba kama 60 au 65 kwa mia ya oksijeni inayoweza kubeba. Dakika ya 5 amefika 80 au 85. Hadi dakika ya 10 anaweza kuwa popote kati ya 85 na 95. Ndiyo maana mkunga mwenye uzoefu hashtuki akiona miguu ya mtoto wa dakika mbili ina ubluu. Na ndiyo maana tangu 2012 Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kwamba mtoto aliyetimiza miezi akizaliwa hapumui, asukumiwe kwanza hewa hii hii ya kawaida kwa barakoa na mfuko wa mkono. Wengi bado wanakimbilia mtungi. Wakati mtungi unafunguliwa na mpira unatafutwa, dakika iliyohitajiwa imekwisha kupita.

Mtoto njiti ni habari nyingine. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa, na mwili hutengeneza ute laini wa mafuta unaovizuia visigandamane kila mtoto anapotoa pumzi. Ute huo hukamilika wiki za mwisho za mimba. Aliyezaliwa wiki ya 29 au ya 30 anao kidogo mno. Kila pumzi kwake ni kazi ya kuanza upya. Utaona pua zinatanuka, kifua kinazama chini ya mbavu, pumzi zinapita 60 kwa dakika, na utasikia anaguna mwishoni mwa kila pumzi. Ule mguno si kilio. Anabana koo ili hewa isitoke yote. Halafu kuna mchezo mwingine wa hatari: ubongo wake bado haujakomaa, kwa hiyo anasahau kupumua. Sekunde 20 zinapita kimya, mapigo ya moyo yanashuka, na ukimgusa kwenye nyayo anakumbuka.

Mtu atauliza: kama dalili zote hizo zinaonekana, kifaa cha nini? Kwa sababu macho yanadanganya. Kwenye ngozi nyeusi ubluu hauonekani mpaka mambo yameharibika. Inabidi uangalie ulimi na fizi, na fizi za mtoto wa kilo moja na nusu, chini ya taa dhaifu, nani anaziona vizuri? Wapo watoto wanaoonekana wametulia kumbe damu yao imeshuka hadi 80. Wametulia kwa sababu wamechoka.

Sasa njooni Yanonge. Anayeijua anajua kwamba ni mji wa soko kando ya mto, takriban kilomita 60 kutoka Kisangani, na kwamba hizo kilomita 60 mwezi wa mvua si sawa na kilomita 60 za mahali pengine. Hospitali yoyote ya mahali kama hapo ina njia mbili za kupata oksijeni. Njia ya kwanza ni mtungi. Mtungi mkubwa wa lita 50, ukijazwa kwa mgandamizo wa kawaida wa viwandani, hutoa kama lita 7,500 za gesi. Mtoto mchanga anahitaji nusu lita hadi lita moja kwa dakika. Piga hesabu: kwa lita moja, mtungi unamtosha mtoto mmoja siku tano. Ukiwa na watoto wawili ni siku mbili na nusu. Halafu chuma hicho, ambacho wanaume wawili wanakiinua kwa kuhema, lazima kisafiri tena hadi mjini kujazwa na kirudi. Na kama kiungo cha mpira kinavuja usiku kucha, umenunua upepo.

Njia ya pili ni ile mashine inayovuta hewa ya chumbani, ikainasa naitrojeni kwenye chembechembe za madini yaitwayo zeolite, na kubakiza oksijeni. Mashine ya lita tano kwa dakika, ukiwa na kigawanyio kizuri, inahudumia watoto kadhaa kwa pamoja bila kumhitaji dereva wala balenyeri, ile mashua ya mto. Shida yake ni umeme: inakula kama wati 350 mfululizo, mchana na usiku. Kisangani kwenyewe, penye bwawa la Tshopo lililojengwa miaka ya 1950, mnajua wenyewe umeme unavyokuja na kuondoka. Huko chini ya mto ni jenereta na mazutu, na jenereta nyingi zinawashwa jioni kwa saa chache. Mtoto njiti hapumui kwa saa za jenereta.

Kwa hili Uganda wametufundisha kitu. Jinja, kwenye chanzo cha Nili, madaktari wa watoto wakishirikiana na watafiti kutoka Kanada waliunganisha mashine hizo na paneli za jua na betri. Mwaka 2018 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto waliopewa oksijeni ya jua walipona sawa na waliopewa ya mitungi. Baadaye waliipeleka kwenye vituo vingine vingi nchini humo. Jua la jimbo letu la Tshopo lina mawingu, najua, na msitu unatoa unyevu unaoziba vichujio. Lakini betri zikipangwa kwa siku za mawingu kazi inafanyika, na kichujio kinaoshwa kwa maji na sabuni.

Basi tuseme oksijeni imepatikana. Imefika, inatoka, mpira uko puani. Hapa ndipo watu wengi wanapiga makofi na kwenda nyumbani, na hapa ndipo mimi naanza kuwa na wasiwasi.

Mwaka 1942, huko Boston, daktari wa macho Theodore Terry aliandika juu ya ugonjwa mpya: watoto njiti waliokuwa wakipona, lakini nyuma ya jicho kukiwa na utando mweupe kama kovu. Katika miaka iliyofuata upofu huo ulienea kwa namna ya ajabu. Ulizipata hospitali bora, zenye fedha na kuvezi mpya, yale masanduku ya joto ya kulazia njiti. Hospitali maskini ziliponea. Takriban watoto 10,000 walipofuka duniani kabla sababu haijajulikana. Mmoja wao mnamjua: Stevie Wonder, aliyezaliwa Michigan mwaka 1950 kabla ya wakati wake. Mwaka 1951, Melbourne, daktari Kate Campbell alilinganisha watoto waliopewa oksijeni kwa wingi na waliopewa kwa uchache, kwa sababu huko ilikuwa na gharama, akaona tofauti. Miaka miwili baadaye hospitali 18 za Marekani zilifanya jaribio kubwa la pamoja, na jibu likawa wazi. Kuvezi zile zilikuwa zimejazwa oksijeni bila kipimo, kwa nia njema kabisa.

Kinachotokea ni hiki. Mishipa ya damu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huanza katikati na kukua kuelekea ukingoni, na inafika mwisho karibu na wiki ya 40. Njiti anazaliwa mishipa ikiwa njiani. Oksijeni ikizidi, mishipa inasimama, kana kwamba imeambiwa kuna ya kutosha. Wiki zinapita, sehemu isiyofikiwa inakosa chakula, inaomba mishipa kwa nguvu, na sasa inaota ovyo, inavuja damu, inavuta retina mpaka inang'oka.

Dunia ilipojua hivyo, ilifanya nini? Ilikimbilia upande wa pili. Oksijeni ikabanwa kwa wote, mgonjwa na asiye mgonjwa. Upofu ukapungua. Lakini mwaka 1973 Mwingereza mmoja, Kenneth Cross, alikaa akahesabu vifo vya siku ya kwanza na akaandika kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyeokolewa macho, huenda 16 walikufa kwa kukosa pumzi. Narudia: 16. Kubana bila kupima kuliua, kama vile kumwaga bila kupima kulivyopofusha.

Mto wetu umewahi kukutana na dawa ya namna hii, na habari zake zilipita hapa hapa karibu na Yanonge. Wazee wanakumbuka malale kwa kusimuliwa. Mwaka 1919 maabara ya Rockefeller huko New York ilitengeneza dawa iitwayo tryparsamide, na mwaka 1920 daktari mwanamke, Louise Pearce, aliileta Léopoldville kuijaribu kwa wagonjwa. Iliingia hadi kwenye ubongo, mahali ambapo dawa zilizotangulia zilishindwa, na watu waliokuwa wameshaandaliwa mkeka wa mwisho wakainuka. Lakini ndani yake mlikuwa na arseniki, na ikizidi ilishambulia mshipa wa jicho. Mwaka huo huo wa 1920 Clement Chesterman, daktari wa misheni ya Wabaptisti wa Uingereza, alifika Yakusu, hapo chini kidogo ya mji wetu wa Kisangani, ambao wakati huo uliitwa Stanleyville. Yakusu ikawa kituo kikubwa cha kutibu malale kwa dawa hiyo, na walioibeba kazi vijijini walikuwa wauguzi vijana wa mto huu huu, waliofundishwa pale Yakusu: kumtafuta mgonjwa, kumchoma sindano, kuandika daftarini.

Kameruni, eneo la Bafia, karibu na 1930, daktari kijana wa kampeni ya Wafaransa alitaka matokeo ya haraka. Aliongeza kipimo. Takriban watu 700 wakapofuka, na lawama zikamfuata hadi mkuu wake, Eugène Jamot. Dawa ilikuwa ile ile, miaka ile ile. Macho yaliumia popote ilipotumika, lakini kuumia kwa mmoja mmoja na kuumia kwa watu 700 kunatenganishwa na kipimo, pamoja na yule anayeuliza kila wiki, "Unaniona vizuri?"

Nimeileta habari ya Yakusu makusudi. Kuna watu wanadhani kufuatilia namba, kuandika, kurudia kila baada ya saa tatu, ni tabia ya hospitali za Ulaya zenye skrini ukutani. Hapana, ndugu zangu. Wauguzi wa ukingo huu wa mto walikuwa wakiifanya kazi ya namna hiyo miaka 100 iliyopita kwa kalamu ya wino na mtumbwi.

Kifaa chenyewe ni oksimeta. Kilibuniwa Japani na mhandisi Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Kinapitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana katika mguu au kiganja cha mtoto, kinasikiliza mapigo, na kinatoa namba mbili: mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni. Hakichomi sindano, hakichukui damu. Wakati wa Covid vilisambaa vile vya kubana kidole cha mtu mzima, na leo utavikuta kwenye mifuko ya makoti mengi. Msimwekee mtoto mchanga. Kidole chake hakijai humo, mwanga unapita pembeni, na namba inayotoka ni ya kubahatisha. Mtoto mchanga anahitaji sensa yake, ile laini ya kuzungushia mguu au kiganja. Mguu ukiwa wa baridi, namba inakuwa ya uongo. Mtoto akichezacheza, vivyo hivyo. Muuguzi mzuri kwanza anasikiliza moyo kwa stetoskopu na kulinganisha: mapigo ya kifaa yakilingana na ya moyo, ndipo anaiamini ile namba nyingine.

Na hata hapo aiamini kwa akili. Vifaa hivi vilisawazishwa zaidi kwa watu wa ngozi nyeupe. Mwishoni mwa 2020 madaktari wa Michigan walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi oksimeta ilificha upungufu karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kwa hiyo muuguzi wa Yanonge anayeona 90 ajue kwamba huenda ukweli uko chini kidogo. Mtoto anayeguna na kuzama kifua asiachwe kwa sababu kifaa kimesema ni mzima.

Sasa namba gani? Kwa njiti aliye kwenye oksijeni, hospitali nyingi zinalenga kati ya 90 na 95. Mwongozo wa WHO wa 2016 unaandika 88 hadi 95 kwa waliozaliwa kabla ya wiki ya 32, na unakataza kupita 95. Namba hizi hazikuokotwa. Majaribio makubwa ya watoto karibu 5,000, yaliyojumlishwa mwaka 2018, yalilinganisha walioshikiliwa kati ya 85 na 89 na walioshikiliwa kati ya 91 na 95. Wa chini waliumia macho mara chache zaidi, lakini walikufa wengi zaidi. Ukubali jicho lililo hatarini kidogo, mtoto awe hai, kisha jicho lichunguzwe.

Jambo gumu zaidi kulieleza, hata kwa walio kazini, ni 100. Namba 100 inapendeza. Muuguzi anaiona, anatabasamu, anakwenda kwa mtoto mwingine. Kwa mtoto anayepumua hewa ya kawaida, 100 ni heri tupu. Kwa njiti mwenye mpira puani, 100 ni onyo. Kibuyu kikijaa hadi shingoni utaona tu kwamba kimejaa, hutajua kama mtu bado anamimina na maji yanamwagika. Oksimeta inahesabu oksijeni iliyobebwa na chembe nyekundu, na chembe zikishajaa namba inasimama pale pale, ingawa ndani ya damu oksijeni inaendelea kupanda mara mbili, mara tatu. Jicho linaipata hiyo ziada. Kwa hiyo akifika 97, 98, punguza. Robo lita, kisha subiri, kisha pima tena.

Hapo ndipo lile swali langu linapoingia: saa tisa za usiku, nani anaangalia? Katika hospitali nyingi za pembezoni usiku kuna muuguzi mmoja wa zamu, na huyo huyo anaitwa chumba cha kujifungulia. Tuseme mtoto aliwekewa lita moja saa mbili usiku akiwa na 84. Alipanda vizuri hadi 94, ikaandikwa. Kufika saa sita mapafu yamefunguka kidogo, amefika 99, hakuna aliyeona. Saa tisa kamasi limeziba pua moja, mpira umejikunja chini ya godoro, ameshuka 82, hakuna aliyeona. Asubuhi daktari anapita, anakuta 93, anasema anaendelea vizuri. Mtoto huyo amepigwa pande zote mbili katika usiku mmoja, na daftari halina habari.

Dawa ya hilo ni karatasi. Mistari ya saa, lita ngapi, namba ngapi, mapigo, pumzi, pua zimesafishwa au la. Pima nusu saa baada ya kuanza, kisha kila baada ya saa tatu, kisha kila unapobadilisha kitu. Na mara moja kwa siku, mtoto akiwa ametulia, mwondolee oksijeni dakika 10 au 15 ukiwa umesimama pale. Akibaki 90 na zaidi, huenda haihitaji tena. Mwangalie tena baada ya nusu saa. Utashangaa ni watoto wangapi wanaoendelea na mpira puani kwa sababu tu hakuna aliyeamua kuutoa.

Papua New Guinea, nchi ya milima na visiwa isiyo tajiri, hospitali tano zilipewa mashine za oksijeni pamoja na oksimeta, na wauguzi wakafundishwa kupima kila mtoto. Hatari ya kufa kwa nimonia ilishuka kwa 35 kwa mia. Matokeo yalichapishwa 2008. Angalieni kwamba hazikupelekwa mashine peke yake. Mimi nimeshaona picha nyingi za mitungi ikikabidhiwa, utepe unakatwa, mheshimiwa ameweka mkono juu ya chuma. Picha ya mtu anakabidhi sensa ya mguu wa mtoto mchanga sijaiona, labda kwa sababu inaenea kwenye kiganja na haipendezi kwenye kamera.

Wamama, nanyi mna sehemu. Mtoto njiti akilala kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, anapata joto na anasahau kupumua mara chache. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa 2021, ulikuta kwamba kuanza hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo kwa robo. Mpira wa oksijeni haukatazi. Na mama aliyembeba kifuani ndiye wa kwanza kuhisi kimya kisicho cha kawaida, kabla ya mtu yeyote mwenye koti jeupe. Mfundisheni aite. Mfundisheni pia, yeye na shangazi zake wote, kwamba kile kifungo cha kuongeza lita hakiguswi. Kila hospitali ina shangazi aliyemwonea mtoto huruma na kuzungusha kifungo mpaka mwisho. Na taa za mafuta, mishumaa, sigara, vikae mbali na chumba hicho. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini inaufanya moto mdogo kuwa mkubwa kabla hujasema neno. Mafuta ya mawese au ya kujipaka mikononi yasifike kwenye koki ya mtungi, kwa sababu hiyo hiyo.

Kamati za afya mnaokutana kupanga fedha za mwaka, nina ombi moja dogo. Sensa ya mtoto mchanga inachakaa. Waya wake unakatika ndani kwa kukunjwakunjwa, na kifaa kizima kinabaki pambo. Iandikeni kwenye bajeti mstari wake peke yake, pamoja na mipira ya pua na vichujio, msiifiche ndani ya "vifaa vingine", kwa sababu vilivyo ndani ya "vifaa vingine" havinunuliwi.

Na kwa ajili ya wale watakaotoka wakiwa hai, ambao tunaomba wawe wengi: njiti aliyepewa oksijeni anatakiwa kuchunguzwa nyuma ya jicho karibu na wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Ugonjwa ukionekana mapema unatibika, kwa leza au kwa sindano. Ukicheleweshwa miezi, hapana tena. Mtaalamu huyo hayupo Yanonge, kwa hiyo safari ya mtoto kwenda mjini ipangwe siku ya kumruhusu, tarehe iandikwe, na baba aambiwe pamoja na mama, maana nauli ya mtumbwi mara nyingi inatoka mfukoni mwake. Kwenye kadi ya mtoto waandike wiki za mimba, uzito wa kuzaliwa, siku ngapi za oksijeni, lita ngapi, na namba ya juu iliyoonekana. Daktari wa macho asiyekuta hayo ataanza kwa kukisia, na mama naye atakuwa hakumbuki kama zilikuwa siku tatu au tisa.